Kumpeleka Bibi Hospitali: Kutoka Kijijini Kongwa hadi Wodi ya Macho Dodoma

Jumamosi

Nimefika kijijini jioni nikitokea Morogoro, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Juni, nami nimekuja kwa kazi moja tu, kumpeleka bibi yangu mzaa mama akatibiwe macho. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho aliyekomaa kiasi kwamba mboni inaonekana nyeupe hata kwa mtu asiyesomea udaktari. La kushoto linaona kwa ukungu, na kope zake kadhaa zimejikunja kwa ndani zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanawake wa rika lake hapa wana vibano vidogo vya chuma, na kila baada ya wiki chache hukaa mlangoni wakang'oana kope hizo, kisha wanaendelea na kazi.

Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ni wa siku nyingi Kongwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza kuuchunguza hapa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya ushahidi kwamba kunawa uso huwakinga watoto ilitoka katika vijiji vya wilaya hii, ambako maji ya kunawa yenyewe hufuatwa mbali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo, na watoto ndio wanaobeba vimelea. Bibi amelea watoto saba, akalea wajukuu, na sasa anaishi na vitukuu wawili ambao mama yao anafanya kazi za ndani Dar es Salaam.

Nilimwuliza mara ya mwisho kulala hospitali ilikuwa lini. Akasema ni wakati alipojifungua mama yangu mdogo, kitinda mimba wake. Mama mdogo huyo sasa ana wajukuu.

Jumapili

Tulipotoka kanisani familia ilikaa kikao chini ya mwarobaini, mjomba mkubwa akiwa ndiye msemaji. Ninakiandika kikao hiki kwa urefu kwa sababu naamini hapo ndipo safari ya hospitali huamuliwa, kabla mgonjwa hajaiona barabara.

Swali la kwanza halikuwa gharama za upasuaji. Lilikuwa ni nani atabaki na vitukuu, nani atachota maji, nani atachunga mbuzi wakati huu ambao mashamba yamevunwa na mifugo inaachwa kuzurura. Bibi asiyeona jicho moja ndiye anayefanya kazi hizo zote. Swali la pili lilikuwa nani atafuatana naye, kwa kuwa hospitali humtaka mgonjwa wa upasuaji awe na msindikizaji, na mwanamke mzee ambaye hajawahi kushuka stendi ya Dodoma peke yake hawezi kutumwa kama kijana. Nauli ilikuja ya tatu. Alizeti ya mwaka huu bibi ameilima mwenyewe kwa jembe la mkono, lakini magunia yako chumbani kwa mjomba, na mjomba ndiye anayepatana bei na wanunuzi wanaotoka Kibaigwa. Kaya ya bibi imo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na fedha zile zinapofika huishia kwenye sare, madaftari na unga.

Simlaumu mjomba, maana ana watoto wanne shuleni na mvua ya msimu huu ilikatika mapema. Hata hivyo nakumbuka kwamba babu alipougua tezi dume, ng'ombe wawili waliuzwa ndani ya wiki moja, akapelekwa Dodoma akapasuliwa, na hakuna aliyeuliza nani atabaki na nani. Alikuwa na mke wa kubaki nyumbani na mke huyohuyo wa kumuuguza. Sasa mke huyo ndiye mgonjwa, na nafasi yake haina mtu. Watafiti wa macho waliofanya kazi Kilimanjaro miaka ya 2000 waliliona jambo hili wakaliandika: wanawake ndio wengi zaidi miongoni mwa wenye mtoto wa jicho, lakini wanaofika kwenye upasuaji ni wachache ukilinganisha na wanaume, na mara nyingi uamuzi wa kwenda huwa mikononi mwa watoto wao.

Bibi mwenyewe alizungumza mara moja tu. Alisema, "Mimi sina homa, wala sijalala kitandani. Mgonjwa hapa ni nani?"

Hatimaye tulikubaliana. Gunia moja la alizeti na mbuzi dume mmoja vitauzwa, mke wa mjomba atachukua watoto, nami nitagharimia yatakayopungua. Najua kwamba kama nisingekuwa na mshahara na likizo, kikao kingeahirishwa hadi msimu mwingine, kama kilivyokuwa kimeahirishwa huko nyuma.

Jumatatu

Asubuhi tulikwenda zahanati kuomba barua ya rufaa. Muuguzi alimpokea bibi kwa heshima, akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa", na kumpa kiti, lakini mashine ya kupimia presha haikuwa na betri na mganga mfawidhi alikuwa kwenye semina wilayani. Tulimngoja hadi saa nane mchana, akaja, akaandika rufaa bila kusita.

Kutoka hapo tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji kutafuta barua ya kuthibitisha umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee anapofikisha miaka 60, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Bibi hana cheti cha kuzaliwa, wala kitambulisho cha matibabu cha wazee, kwa sababu siku ya kupiga picha za vitambulisho hivyo alikuwa shambani. Alipoulizwa amezaliwa lini alijibu kwamba mama yake alimzaa wakati Wazungu wa karanga wanafyeka pori. Mtendaji, ambaye ni kijana, alinitazama. Nilimweleza kwamba mpango wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947 na kuachwa miaka michache baadaye, naye akaandika 1948, akagonga mhuri.

Ukimsikiliza bibi, historia yote ya tiba ya nchi hii imepita juu ya mwili wake. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha kutoka kwenye tembe zilizotawanyika na kuwakusanya kijijini, wakaahidiwa zahanati, na zahanati ikajengwa, na dawa zilikuwa bure. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama hospitalini, na hapo, anasema, watu wa umri wake walijifunza kungoja ugonjwa uondoke wenyewe. Msamaha kwa wazee ulikuja baadaye, lakini mazoea ya kungoja yalikuwa yamekwisha kuota mizizi, na msamaha haulipi bodaboda.

Tulipokuwa kwenye benchi la zahanati alikaa nasi mama mmoja mtu mzima, jirani wa kitongoji cha pili. Alipoona vijana wameondoka, alimnong'oneza bibi, na bibi akanieleza baadaye kwa ruhusa yake. Kizazi chake kimeshuka tangu miaka mingi, na siku za kulima hukirudisha kwa mkono na kujifunga khanga kwa nguvu. Amekuja zahanati mara kadhaa kwa ajili ya maumivu ya mgongo, akapewa vidonge vya maumivu, na hakuwahi kulitaja lile tatizo lenyewe kwa sababu mganga ni wa umri wa mwanawe wa mwisho. Hospitali kubwa tatizo hilo hurekebishwa kwa upasuaji, na hata kabla ya upasuaji iko pete ya mpira inayoweza kuwekwa kulizuia. Yeye hakuwahi kuambiwa hata moja ya hayo mawili.

Nimelifikiria hili usiku kucha. Zahanati zetu zinamfahamu mwanamke vizuri kupitia kliniki ya mama na mtoto, anapokuwa mjamzito, anaponyonyesha, anapopanga uzazi. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, unawalenga zaidi wenye umri wa miaka 30 hadi 50. Akishapita hapo, hakuna tena kadi inayomwita. Presha, kisukari, macho, mifupa, kizazi kilichoshuka, vyote hivyo anapaswa kuvileta mwenyewe, na hakuna mtu wa kumwuliza mbona hujaja.

Jumanne

Bodaboda mbili zilitufikia saa kumi na moja alfajiri, shilingi 15,000 kila moja hadi Kibaigwa, kwa kuwa dereva hakutaka kutubeba wote wawili kwenye barabara ya mchanga. Bibi alikaa upande, miguu pamoja, akiwa amejifunga kitenge kichwani kwa ajili ya vumbi. Kibaigwa malori ya mahindi yalikuwa yamejaa sokoni. Tukapata kosta ya Dodoma, tukafika kabla ya adhuhuri, tukaenda Nkuhungu kwa binamu yangu ambaye amepanga vyumba viwili. Wasio na ndugu mjini hulala gesti au kwenye veranda za hospitali, na gharama ya kulala ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani kabla tiba haijaisha.

Jumatano

Hospitali tuliyoelekezwa ina dirisha la wazee lenye tangazo la kuwapisha, na kwa kweli walipishwa. Mapokezi yalichukua muda mfupi. Kilichochukua muda ni msamaha. Karani alisema barua ya mtendaji haitoshi hadi iidhinishwe na afisa ustawi wa jamii, na afisa huyo yuko jengo jingine, ghorofa ya juu, lifti haifanyi kazi. Bibi alipanda ngazi zile akishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Afisa alikuwa dada mwenye upole ambaye kwenye foleni yake nilihesabu wanawake wazee kumi na mmoja na wanaume wazee watatu. Alimwuliza bibi maswali kuhusu nyumba, mifugo na watoto, kisha akasaini. Bibi alijibu yote akiwa ameinamisha uso, na tulipotoka alisema kwamba hajawahi kumweleza mgeni umaskini wake namna ile.

Kwenye kliniki ya macho daktari alithibitisha mtoto wa jicho, akasema jicho linatibika, na kope za jicho la kushoto zitasawazishwa kwa upasuaji mdogo baadaye. Kisha muuguzi akampima presha. Ilikuwa 198 kwa 112. Alimpima mkono wa pili, akamngojesha nusu saa, akampima tena, na hali ilikuwa ileile. Sukari ilikuwa sawa. Daktari alitueleza kwamba hawezi kufungua jicho presha ikiwa juu kiasi hicho, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani ya jicho na kuliangamiza, na kwamba hatari kubwa zaidi ni kiharusi, ambacho kingeweza kumwangusha kisimani siku yoyote.

Kwa hiyo bibi aliyesema hana homa wala hajalala kitandani amekuwa akitembea na ugonjwa huu kwa muda usiojulikana. Shinikizo la damu halina kelele. Mtu hulikuta anapopimwa, na wanawake wa umri wake kijijini kwetu hupimwa tu wanapoletwa kwa sababu nyingine.

Dawa aliyoandikiwa, amlodipini, haikuwapo dirishani siku hiyo. Tulinunua duka la dawa la nje ya geti. Bei yake si kubwa kwa mwenye mshahara.

Alhamisi hadi Jumapili

Tumekaa Nkuhungu tukingoja presha ishuke. Binamu amepunguza chumvi kwenye mlenda kwa ajili yake, jambo ambalo bibi hakulipenda. Kila jioni hupiga simu kuulizia mbuzi na watoto, na kila jioni husema turudi. Jumamosi mke wa mjomba alisema kitukuu mdogo ana kikohozi, na ilinibidi niongee naye kwa muda mrefu ili bibi asifunge mzigo wake usiku huohuo. Naelewa sasa kwa nini wagonjwa wanaoahirishwa kwa wiki moja hawarudi.

Jumatatu

Presha imeshuka hadi 156 kwa 92. Amelazwa.

Wodi ya wanawake ina vitanda kumi na viwili na takriban wote walio juu yake ni mabibi. Jirani yake wa kushoto ametoka Chemba, wa kulia Manyoni, na kufikia jioni walikuwa wamekwisha kujuana kwa koo na kwa majina ya watoto. Wa Chemba alikuwa haoni macho yote mawili kwa miaka kadhaa, akiongozwa kwa fimbo na mjukuu wa kike ambaye aliacha shule darasa la tano kwa kazi hiyo. Alifika hapa kwa sababu timu ya macho ilipita kijijini kwao, ikawapima watu kwenye uwanja wa shule, ikawabeba wenye mtoto wa jicho kwa gari na kuwarudisha. Hakulipa nauli, hakutafuta msindikizaji, hakuulizwa barua. Nilimwuliza kama alikuwa amewahi kujaribu kuja kabla ya hapo, akasema alikuwa hajui kwamba upofu wa uzeeni una dawa. Kama ningepewa nafasi ya kuwashauri wanaopanga fedha za afya, ningewaomba wazidishe magari ya namna hiyo kabla ya kuongeza dirisha jingine hospitalini, kwa kuwa dirisha linamhudumia aliyekwisha kuvuka vikwazo vyote.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami naitakia heri kwa moyo wote, kwa sababu Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ambao kaya ya watu sita ilikuwa ikilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, haukuwa umemfikia bibi yeyote kati ya niliozungumza nao wodini. Lakini bima inalipa kilichomo ndani ya geti. Mjukuu aliyeacha shule, mbuzi aliyeuzwa, bodaboda mbili za alfajiri, hivyo havimo katika kadi yoyote.

Jumanne

Upasuaji ulifanyika saa nne asubuhi. Alichomwa sindano ya ganzi kando ya jicho, akawa macho wakati wote, na ndani ya nusu saa alikuwa ametoka na bandeji, lenzi yake iliyozeeka imeondolewa na ya plastiki imewekwa. Alikula ugali mchana.

Jumatano

Muuguzi alifungua bandeji mapema asubuhi. Bibi alitazama mikono yake kwanza, akaigeuza, kisha akamtazama mwenzake wa Chemba, ambaye naye alikuwa amefunguliwa jicho moja, wakashikana mikono na kucheka kwa sauti hadi wodi nzima ikageuka. Nililia na sioni haya kuliandika.

Masharti aliyopewa yalifuata. Dawa ya matone mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa. Asiiname, asibebe ndoo, asilime, asilowanishe jicho, asikae kwenye moshi. Daktari aliyasema kwa lugha rahisi na akayarudia, na bibi aliitikia kila moja, lakini nilipojaribu kuiwaza siku yake ya kawaida bila kuinama, bila ndoo na bila mafiga matatu, sikubakiwa na kitu. Jambo la moshi ni zito zaidi ya afya. Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga, macho mekundu ya wanawake wazee, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi, yamewahi kuwa sababu ya kuitwa wachawi na kuuawa. Jicho linalotibiwa mapema kwenye zahanati humwondolea mwanamke maumivu, na mahali pengine humwondolea tuhuma.

Alhamisi

Tumerudi kijijini alasiri. Nimezungumza na mke wa mjomba kuhusu masharti, na amekubali kupika kwa kaya zote mbili hadi wiki za matone zitakapokwisha. Mjomba ameahidi kwamba vijana wake watachota maji, na nimemwomba alitamke hilo mbele ya bibi. Alilitamka.

Yaliyobaki ni mengi kuliko yaliyokwisha. Bibi anatakiwa kurudi Dodoma baada ya wiki moja kuangaliwa jicho, halafu tena kwa ajili ya kope za jicho la pili. Amlodipini ni ya kila siku maishani, na zahanati imesema itaiagiza, ila kwa sasa inapatikana kituo cha afya cha kata nyingine. Nitanunua ya miezi mitatu Morogoro na kuituma kwa basi hadi Kibaigwa. Betri za mashine ya presha nimempelekea muuguzi leo, naye amempima bibi palepale, kisha akawapima wanawake wanne waliokuwa wakingoja kwa mambo mengine. Wawili kati yao wameandikiwa rufaa.

Yule mama wa kitongoji cha pili alikuja jioni kumwona bibi. Alikaa naye ndani kwa muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka aliniuliza kama kule Dodoma wako madaktari wa kike, na nauli ni kiasi gani. Nimeandika namba ya simu ya binti yake, na muuguzi amekubali kumwandalia barua ya rufaa kesho. Atasafiri pamoja na bibi wiki ijayo, na dereva wa bodaboda amekubali kupunguza bei kwa kuwa sasa ni wagonjwa wawili.